Kutengeneza geji ya mafuta ya gari la zamani

Magari ya miaka ya 1980 na 1990 bado yanabeba sehemu kubwa ya kazi mkoani Tabora: Land Cruiser za kubebea asali na tumbaku, Hilux za kwenda mashambani, Corolla za familia na za teksi. Mengi kati ya hayo yana injini nzima na geji ya mafuta iliyokufa. Mwenye gari huzoea kukadiria kwa kilomita alizotembea, au huchovya kijiti kwenye mdomo wa tangi, ingawa mabomba mengi ya kujazia yamepinda na kijiti hakifiki chini. Mazoea hayo yanaweza kumfaa mtu anayezunguka kati ya Kiloleni, Isevya na Ng'ambo, ambako akikwama atatuma bodaboda imletee lita mbili. Hayamfai anayetoka Sikonge, akapita Ipole na kushika barabara ya Mpanda, kwa kuwa huko pori la miombo ni refu na vituo vya mafuta ni vichache. Zaidi ya usumbufu wa kulala njiani, kukaukiwa mafuta huumiza gari lenyewe: injini ya dizeli huvuta hewa kwenye mabomba na haiwaki tena mpaka hewa hiyo itolewe, na gari la petroli lenye pampu ya umeme ndani ya tangi huweza kuunguza pampu, kwa sababu mafuta yale yale ndiyo yanayoipoza.

Geji hiyo hutengenezeka, na mara nyingi kwa gharama ndogo. Kinachoipandisha gharama ni kuanzia mahali pasipostahili. Katika gereji nyingi kazi huanza kwa kufungua dashibodi, kisha mteja huambiwa atafute dashibodi ya mtumba, ikafungwa, na mshale ukabaki pale pale. Ushauri wangu ni kuanzia nyuma ya gari, kwenye soketi ya waya unaoingia kwenye tangi, kwa kuwa jaribio moja linalofanyika pale hugawanya mfumo mzima katika nusu mbili na kukuonyesha ubovu uko upande upi.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Ndani ya tangi kuna kifaa ambacho mafundi wengi hukiita floti, chenye boya linaloelea juu ya mafuta, mkono mwembamba wa chuma unaolishika boya hilo, na kibao kidogo cha ukinzani, yaani cha kuzuia umeme usipite wote, ambacho juu yake hutelezea ulimi wa shaba. Boya likipanda au kushuka, ulimi husogea na ukinzani hubadilika. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, huingia kwenye geji ya dashibodi, hufuata waya mmoja mrefu hadi kwenye floti, kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, njia ambayo mafundi huiita ethi. Katika Toyota nyingi za kipindi hicho tangi likiwa limejaa floti huonyesha takriban omu 3 (omu ni kizio cha ukinzani), nusu tangi huonyesha kama omu 32, na tangi tupu kama omu 110. Ukinzani ukiwa mdogo umeme unaopita huwa mwingi, na mshale hupanda kuelekea F, alama ya tangi lililojaa.

Ukishaelewa hivyo, mshale wenyewe huanza kukueleza habari kabla hujashika spana. Ukilala kwenye E, alama ya tangi tupu, siku zote hata baada ya kujaza tangi, ama waya umekatika, ama ethi imepotea, ama boya limetoboka na kuzama. Ukisimama kwenye F siku zote, yaelekea waya wa tangi umechubuka na unagusa bodi ya gari mahali fulani kabla ya kufika kwenye floti. Ukirukaruka barabara inapokuwa mbovu, au ukifa kwenye robo tangi na kufufuka ukiongeza mafuta, kibao cha ukinzani kimelika. Mshale unaosoma chini kidogo kuliko hali halisi, kisha ukashuka zaidi unapowasha taa za nyuma au kuchezacheza kwa mapigo ya indiketa, unalalamikia ethi, kwa kuwa floti na taa hizo zinagombania sehemu moja ya kurudishia umeme. Na ikiwa geji ya mafuta na ya joto la injini zimeharibika kwa pamoja, usiguse tangi kabisa, bali tafuta kifaa cha kutuliza volti nyuma ya dashibodi, ambacho katika Land Rover za Series III hushusha umeme hadi wastani wa volti 10 kwa ajili ya geji zote mbili.

Taa ya akiba, ile inayoonya kuwa mafuta yanakaribia kwisha, nayo ina ushahidi wake. Katika magari mengi huwashwa na kihisi tofauti kilichofungwa kwenye floti hiyo hiyo na kinachotumia ethi hiyo hiyo, kwa hiyo taa ikiwaka kwa wakati wake ilhali mshale umekufa, ethi ya tangi unaweza kuiweka kando na kuutilia shaka waya wa geji au kibao cha ukinzani. Mwenye Land Cruiser ya matangi mawili ana bahati zaidi, kwani akigeuza swichi ya tangi na mshale ukasoma sawasawa kwa tangi la pili, geji ya dashibodi imeshathibitika kuwa nzima, na ubovu umebaki kwenye floti ya tangi la kwanza na waya wake.

Kabla ya jaribio lenyewe, angalia fyuzi. Usiitazame kwa macho tu, bali ipime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, au ibadilishe kwa nyingine ya ampea zile zile, maana fyuzi za zamani huota kutu miguuni zikaonekana nzima huku hazipitishi umeme. Kisha tafuta soketi ya floti. Katika magari mengi madogo iko chini ya kiti cha nyuma, chini ya kifuniko cha bati chenye skrubu chache. Katika pikapu huwa juu ya tangi au kando yake kwenye chesisi, na utalazimika kulala chini ya gari. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo imara, na zuia magurudumu.

Chomoa soketi ufunguo ukiwa umezimwa. Washa ufunguo bila kuwasha injini, na mshale unapaswa kulala kwenye E. Zima tena, chukua balbu ndogo ya wati 3.4, iunge kati ya waya wa geji upande unaotoka mbele ya gari na chuma safi cha chesisi, kisha washa ufunguo. Mshale ukipanda kuelekea F, geji, fyuzi na waya mrefu vyote ni vizima, na ubovu uko kwenye floti au ethi yake. Usipopanda, ubovu uko mbele na tangi halina haja ya kufunguliwa. Nasisitiza balbu kwa sababu mafundi wengi huugusisha waya huo moja kwa moja kwenye bodi. Geji za zamani zenye kipande cha metali mbili kinachopashwa joto na waya mwembamba huunguzwa na mtindo huo zikiachwa hivyo kwa muda, na hapo ubovu mmoja huzaa wa pili. Geji za aina hiyo utazitambua kwa mshale unaopanda polepole ufunguo unapowashwa, kwa hiyo usikate tamaa katika sekunde za kwanza. Subiri kama dakika moja ndipo uamue. Kama soketi ina waya zaidi ya mmoja, zile nene ni za pampu na hazihusiki. Ukiunga waya na taa ya akiba ikawaka kwenye dashibodi, huo ni waya wa taa, hamia kwenye mwingine.

Tuseme mshale umepanda. Kabla ya kufungua tangi, pima ethi. Weka multimita kwenye omu, mguu mmoja kwenye waya wa ethi wa floti au mwili wake wa chuma, na mwingine kwenye hasi ya betri. Namba izidi kidogo tu ile inayoonekana unapogusanisha miguu ya multimita yenyewe. Ikifika omu kadhaa, umempata mwizi. Magari yetu hupata tatizo hili sana kwa sababu tangi hukaa juu ya vipande vya raba na mikanda iliyopakwa rangi mara kadhaa, na sehemu ambayo waya wa ethi umefungwa kwenye chesisi hushika udongo mwekundu wa masika, ukakauka kiangazi, na kutu ikafanya kazi yake chini ya udongo huo. Fungua boliti, kwangua hadi chuma king'ae, safisha kichwa cha waya kwa msasa laini, kaza, kisha paka grisi juu yake. Gari nyingi huponea hapa, na mwenye gari akarudi nyumbani bila kununua chochote isipokuwa msasa.

Tuseme, kinyume chake, mshale haukupanda. Rudi mbele na upime kama geji inapata umeme ufunguo ukiwashwa, kisha pima waya mrefu mwanzo hadi mwisho. Sehemu za kukagua kwanza ni pale unapopita kwenye tundu la bati kutoka ndani kwenda chini, pale ulipofungwa karibu na ekzosi, na mahali popote ambapo fundi wa redio au kengele ya wizi aliwahi kukata na kuunga kwa tepu. Gari lililoegeshwa muda mrefu karibu na ghala la mahindi lichunguzwe meno ya panya. Ungio jipya lichomelewe kwa solda na kuvikwa mpira wa kubana, kwa sababu tepu ya umeme peke yake huachia gundi kwa joto la Oktoba.

Kama waya ni mzima, ndipo dashibodi ifunguliwe, tena kwa utulivu. Chomoa hasi ya betri kwanza. Nyuma ya dashibodi utaona karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba, na nyuma ya geji ya mafuta nati ndogo au skrubu zinazoishika. Katika dashibodi nyingi za zamani nati hizo ndizo zinazopitisha umeme, na miaka ya kutikiswa kwenye barabara za vumbi huzilegeza kiasi ambacho jicho halioni. Zikaze kwa vidole na bisibisi ndogo bila nguvu nyingi, kwa kuwa nguzo zake hukatika kwa urahisi, na ufute mistari ya shaba kwa kitambaa chenye spiriti. Geji ambayo bado haisogei baada ya hapo, ilhali inapata umeme na ina ethi, imekufa kweli, na ibadilishwe hiyo peke yake pasipo dashibodi nzima.

Sasa tufikie kazi ya tangi, ambayo naomba isomwe kwa uzito wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, sembuse mchana wa Tabora, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoweki juu bali hutambaa chini na kutafuta mahali pa kukaa. Asilimia 1.4 tu ya mvuke hewani inatosha kuwaka. Jiko la mkaa la mama lishe aliye hatua kadhaa kutoka gereji, sigara ya mpita njia, mashine ya kuchomelea ya jirani, na simu inayochajiwa ndani ya gari vyote viondolewe au kazi iahirishwe. Tangi lililotolewa mafuta ni la hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na fundi anayekubali kulichomelea bila kulisafisha kitaalamu anachezea maisha yake na ya waliomzunguka. Dizeli ni tulivu zaidi, lakini haiondoi tahadhari hizi. Fanya kazi uwanjani penye upepo, chomoa hasi ya betri, weka kizima moto au mchanga karibu, na usiwashe ufunguo kwa jaribio lolote tangi likiwa wazi.

Punguza mafuta hadi chini ya robo. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga brashi na ufute eneo lote la juu ya tangi kwa kitambaa chenye unyevu, kwani vumbi jekundu lililolala pale kwa miaka likidondoka ndani litaenda kwenye chujio, na katika injini ya dizeli mabaki yake yataumiza pampu na nozeli. Weka alama ya rangi kuonyesha floti ilikaa upande gani. Legeza skrubu kidogo kidogo kwa mkato wa msalaba, yaani moja kisha ile inayoikabili, inua floti, izungushe taratibu ili mkono wa boya utoke bila kupinda, kisha funika tundu la tangi kwa plastiki nzito iliyobanwa kwa tepu.

Ukiwa mbali na gari, acha floti ikauke kivulini. Weka multimita kwenye kipimo cha omu 200, shika miguu yake kwenye ncha ya waya wa geji na kwenye mwili wa floti, na upandishe mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu. Namba inapaswa kushuka kwa mtiririko. Mahali ambapo inaruka au inatoweka ndipo ubovu ulipo. Itazame kwa karibu: utaona waya mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye kibao, na juu yake mstari unaong'aa ambako ulimi umekuwa ukipita. Gari ambalo mwenyewe huliwekea mafuta ya elfu kumi elfu kumi huwa na mstari uliolika zaidi upande wa tangi tupu, kwa kuwa ulimi umeishi huko, huku sehemu ya tangi lililojaa ikiwa mpya kabisa.

Safisha mstari huo kwa spiriti na brashi laini, au kwa kifutio cha penseli kwa mkono mwepesi sana. Msasa usitumike hapa, kwani utakata waya uliotaka kuuokoa. Kama ni uchakavu wa mstari na waya haujakatika, tumia koleo yenye pua nyembamba kuusogeza ulimi kidogo pembeni, kama upana wa ncha ya kalamu, ili upite juu ya sehemu ya waya ambayo haijaguswa, na uukunje kidogo sana uongeze mgandamizo. Ni kazi ya dakika chache inayohitaji mwanga mzuri na mkono usiotetemeka, na imefufua floti nyingi ambazo zilikuwa zimeshatupwa sandukuni. Waya uliokatika katikati ya kibao, hata hivyo, usipoteze siku kuuchomelea.

Boya nalo lipewe nafasi yake. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji ya mafuta ndani, limetoboka. La plastiki au la mpira mweusi lililonyonya mafuta likawa zito libadilishwe. La shaba linaweza kuzibwa, lakini mafuta yote yatoke kwanza na lipate hewa ya kutosha, ndipo lichovywe kwenye maji ya moto yaliyoletwa kutoka mbali, na mapovu yatakuonyesha tundu lilipo. Kwa bei ya boya la mtumba, mimi huona kulichomelea boya lililowahi kunywa petroli hakustahili hatari yake.

Ukilazimika kununua floti nyingine, nenda dukani na ile ya zamani mkononi pamoja na multimita, na kama unaagizia Dar es Salaam, tuma picha za mkono wa boya, sahani ya juu na soketi, pamoja na vipimo vya omu vya pande zote mbili. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Floti za magari ya General Motors ya Marekani, kwa mfano, husoma karibu omu 0 tangi likiwa tupu na omu 90 likijaa, kinyume cha Toyota, na mtu akiifunga mahali pasipo pake mshale utapanda kadiri mafuta yanavyopungua.

Gasketi isikatwe kwenye tyubu ya gurudumu. Mpira wa tyubu huvimba ukiguswa na petroli, na silikoni ya kawaida ya kuzibia hulainika ikaachia. Tumia gasketi ya mpira unaostahimili mafuta, iliyokatwa kwa kipimo cha ile ya zamani. Rudisha floti kwa kufuata alama yako, hakikisha boya halisugui ukuta wala bomba la pampu, na kaza skrubu kwa msalaba bila kuzivunja.

Imebaki sasa kujua mshale unasema nini hasa. Tangi likiwa na mafuta machache kabisa, sogeza gari hadi pampu ya kituo cha mafuta mahali palipo tambarare, ongeza lita 10 kwa wakati mmoja, na kila mara washa ufunguo kwa dakika moja bila injini, kisha andika mshale ulipofika. Usitegemee dumu la lita 20, kwa kuwa likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya hiyo namba. Mshale ukisoma juu au chini kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, mkono wa boya umepinda, na utaurudisha sawa kwa kuukunja kidogo, ukichunga boya lisigonge sakafu ya tangi wala dari yake. Nikilazimika kuchagua, huacha E ije mapema, ikiwa bado kuna lita 8 au 10 ndani, kuliko F iliyo sahihi kabisa. Bandika karatasi yenye vipimo hivyo ndani ya mlango wa dereva, na siku ya kwanza tangi litakapojaa, egesha gari mlimani, pande zote mbili, unuse na kupapasa kuzunguka sahani ya floti kabla ya kurudisha kiti.